Fisi, Kindi na Kamusi ya Mwalimu Namsifu

"Masikio yenu yako wapi?"
"Yako hapa!"
"Yako wazi?"
"Wazi kabisa!"
"Basi nayamiminia."

Hapo zamani, si sana, Kindi alikuwa na shimo lake juu ya mwarobaini wa shule, karibu na dirisha la darasa la nne. Kutwa alimsikiliza Mwalimu Namsifu akifundisha Kiingereza. Ati neno la Kiingereza, ukilikuta kwenye kamusi, limekatwa vipande kwa vitone, kama muhogo unaokwenda chunguni. Wanafunzi hupiga kofi kwa kila kipande: pa! pa! pa! Makofi yakiisha, ndipo maana husomwa. Waliokaa kitako wakayakata maneno yote yale, jamani, Mungu awape nini zaidi?

Jumapili moja shule ilifungwa. Fisi akapita dirishani, akanusa jalada la ngozi la ile kamusi, akaikwapua. Kugeuka, akamkuta Kindi chini anaokota kokwa. Kap! Akambana kwa mkono wa kushoto.

Moyo wa Kindi ukapiga du, du, du. Watoto wake watatu walikuwa shimoni, hata macho hawajafumbua. Akifa yeye, wamekufa wote.

"Shikamoo, mjomba Fisi."

"Marahaba. Haya, sali upesi."

"Mjomba, mimi ni tonge moja tu. Hicho kitabu kina nyama zote za dunia, zimepangwa mstari."

"Zote?"

"Zote. Ila hazitoki bila makofi. Kofi moja likikosekana, maana hupati. Bila maana, utajuaje nyama inakaa wapi?"

Mate yakamtoka Fisi. Akaiweka kamusi chini, akaifungua. "Anza na refu! Neno refu, nyama nyingi!"

"Hipopotamas," akasema Kindi. "Makofi matano."

Kumbe Fisi naye si wa kuchezewa! Kushoto kambana Kindi, kulia akapiga ardhi. Hi, pa! Po, pa! Po, pa! Ta, pa! Mas, pa!

Kindi akasoma: "Mnyama mkubwa wa mtoni, mnene, kinywa kipana."

"Huyo wa kesho. Lete mwingine!"

Ujanja umegonga mwamba. Ningekuwa mie, ningelia. Kindi hakulia, na ndiyo maana nampenda. Akasema, "Basi litafute jina langu mimi mwenyewe, mjomba. Skwirel. Makofi mawili tu. Kamusi itakwambia ndugu zangu wote wanakojificha."

"Wote?"

"Wote."

Shwa, shwa, shwa, Fisi akafunua kurasa kwa mkono wa kulia, Kindi akimwelekeza. Upepo ukazirudisha. Akafunua tena. Upepo ukazirudisha tena.

"Zikandamize, mjomba."

Fisi akazikandamiza.

"Sasa piga makofi."

Fisi akautazama mkono wa kulia: umeshika kurasa. Akautazama wa kushoto: umeshika Kindi. Akawaza, akawazua. Tamaa ikamnong'oneza kwamba ndugu wote ni wengi kuliko mmoja. Akainua wa kushoto.

"Skwi, pa!"

Kofi la pili halikupigwa. Puruu! Kindi huyoo, juu ya mwarobaini, mlangoni kwa watoto wake.

Fisi akalia, "Na maana yake je? Nilikuwa nimeshaanza!"

Kindi akamsomea kwa kichwa, kutoka juu: "Mnyama mdogo, mkia wa manyoya mengi, hukaa mitini!"

Fisi akautazama ule mkia, akautazama ule mti. Akatikisa kichwa taratibu. "Kamusi hii," akasema, "haikukosea hata neno moja."

"Mimi nimemimina yote."
"Nasi tumekinga yote!"

Basi wanangu, funzo ni hili: msifungue kamusi mkiwa na chakula mkononi. Kusoma kunaleta njaa. Muulizeni Fisi: siku ile alijua Kiingereza, akalala bila kula.