Shimo Lisilosikia

Wapendwa, msimamizi mmoja alikuwa akichimbisha shimo refu la kulaza mabomba. Juu udongo na kokoto, chini mwamba mtupu. Mashine ya kupasua mawe ilinguruma kutwa, na jua likifika utosini, mle shimoni mkawa tanuri.

Vibarua wakamwendea. "Bosi, tunaomba vizibo vya masikio. Na turubai la kivuli, tupumzike jua likiwa kali."

Akacheka. "Kelele iliua nani? Na jua ni la Mungu, mimi nilizime?"

Hawakuomba tena. Miezi ikapita. Akaona wamekuwa wapole, hata akiwatukana hawajibu. Akafurahi, akaiita adabu. Je, ilikuwa adabu?

Mchana mmoja kibarua alipanda kutoka shimoni, ngozi kavu, hana hata tone la jasho, meno yakigongana.

"Bosi, nasikia baridi."

"Baridi? Kwa jua hili?"

Yule mtu akatazama pembeni, pasipo na mtu. "Mama," akasema kwa upole, "funga mlango, upepo unaingia." Akaanguka pale pale ukingoni.

Msimamizi akamkimbilia. Alipoinama kumvuta, akaona ukuta wa shimo unapasuka, vumbi likimiminika kama unga. Chini, wanaume watatu wanachimba, wamempa mgongo.

Akakimbia kuzima mashine. Kimya. "Tokeni! Ukuta unaanguka!"

Hakuna aliyegeuka. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Sululu zikapanda, zikashuka, taratibu katika kimya kile, kana kwamba anayeita ni maiti.

Hapo akaelewa alichowafanya: kelele ilikuwa imeua masikio yao.

Akajitosa shimoni. Akawashika mashati, akawasukuma ngazini. Wa mwisho alipotoka, ukuta ukashuka, ukamfukia yeye hadi shingoni. Vumbi likafunga kila kitu. Akawasikia wamerudi, wakimwita kwa sauti kubwa zisizo na kipimo, wakifukua kwa mikono mwisho wa pili wa shimo, vumbi limewapotezea mahali alipo.

"Niko huku! Jamani, niko huku!"

Wakazidi kufukua kule kule. Walimtafuta kwa moyo wote, ndugu zangu, na sauti yake haikuwafikia. Mpaka vumbi lilipotulia ndipo mmoja alipomwona.

Alitoka hai. Yule wa baridi hakuamka.

Sasa sisi. Nani hapa hana mtu anayemtumikia, jikoni, shambani, dukani? Siku aliposema anaumia, tulimjibu nini? Na alipoacha kusema, je, hatukumshukuru Mungu kwamba nyumba imetulia? Anayelalamika bado anatutumaini. Mwogopeni aliyenyamaza, kwa maana ndani yake kuna kitu tumekwisha kukiua, na hatujui ni siku gani tutakihitaji.

Kwa hiyo ukifika nyumbani, kabla hujamtuma mtu hata maji ya kunywa, muulize kazi yako inamfanyaje. Kisha funga mdomo, umsikilize.