Mtunzaji Aliyeyafungia Magongo

Nimezunguka na Injili kutoka Kigoma hadi Lamu, na sehemu nyingi wananikumbuka zaidi kwa vikombe nilivyovunja kuliko kwa mahubiri. Jumapili iliyopita nilialikwa milimani Upare, kwenye makao ya kanisa wanakoishi watu wazima wenye ulemavu wa viungo. Kengele ya ibada ikalia. Nikamwona Mama Nakiete kwenye kiti chake cha magurudumu, huruma ikanijaa, nikakishika kiti kwa nyuma bila kuuliza, nikamsukuma mbio hadi mbele ya madhabahu. Nilitegemea shukrani. Akageuza shingo taratibu.

"Mchungaji," akasema, "mimi nilikuwa naenda chooni."

Kanisa zima lilicheka, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mzee wa kanisa aliyenialika. Mama Nakiete akaenda, akarudi, kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshayakunja mahubiri niliyoandaa. Nikawaambia hivi.

Mtu mmoja alikuwa na nyumba mlimani. Humo aliishi na watu aliowaita jamaa zake: huyu miguu ilidhoofu tangu utotoni, yule mgongo uliumia machimboni. Kila mmoja alikuwa na kazi. Mbonea, aliyetembea kwa magongo, alifuga sungura, na mgeni akibisha, yeye ndiye aliyefungua lango. Siku ya kusafiri, mwenye nyumba alimwachia mtunzaji wake, Zefania, agizo moja: "Nikirudi, nataka nimkute kila mtu." Hakusema atarudi lini.

Neno hilo likakaa ndani ya Zefania kama changarawe ndani ya kiatu. Gongo likigonga sakafu, moyo wake unaruka. Gurudumu likilia mlangoni, anaacha chakula na kukimbia. Aliwapenda kweli, msinielewe vibaya. Ndipo Mbonea akateleza kwenye banda la sungura, akachubuka goti, akacheka. Zefania hakucheka. Alishajiona amesimama mbele ya mwenye nyumba, anaulizwa.

Akakusanya magongo yote na viti vyote vya magurudumu, akavifungia stoo, ufunguo akautia mfukoni. "Ni kwa muda tu," akawaambia. "Nitawabeba mimi."

"Mdogo wangu," Mbonea akamjibu, "mimi nimeanza kuanguka kabla wewe hujajua kusimama."

Hakumsikiliza.

Tangu hapo hakuna aliyeanguka. Zefania aliwabeba kwenda mezani, kwenye sala, chooni, huku kiuno kikimuuma. Nao walikaa wakimsubiri, na anayesubiri kupelekwa chooni ndiye anayejua kusubiri ni nini. Sungura wakakonda. Na ule mteremko wa saruji unaoshuka langoni, uliojengwa kwa ajili ya magurudumu, ukawa haupitwi na gurudumu wala gongo. Mvua za masika zikaunyeshea, ukaota kuvu la kijani.

Mchana mmoja, mvua ikiendelea, lango likagongwa, na sauti iliyoita ilikuwa ya mwenye nyumba. Zefania akatoka mbio kwa furaha na kwa woga, akakanyaga mteremko, akateleza. Mguu ukavunjika. Alijivuta hadi langoni, lakini komeo liko juu na aliye chini halifikii. Lango likagongwa tena, polepole zaidi. Zefania akadhani mwenye nyumba anakata tamaa, ataondoka. Akawaita jamaa wa nyumba ile kwa majina, mmoja mmoja, na madirishani akaziona nyuso zao zote, salama kabisa, kama alivyoagizwa.

Hakuna aliyetoka. Lango likanyamaza, likagongwa tena. Hatimaye Mbonea akaja akitambaa kwa viwiko, tope hadi kidevuni.

"Mbona mnachelewa hivyo?" Zefania akalia. "Mwenye nyumba yuko nje."

Mbonea akajipangusa uso.

"Miguu yetu iko stoo, mdogo wangu. Toa ufunguo."