Nani Afundishwe Nyayo za Kwale?

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi asogee zaidi, maana hadithi hii haitakwisha mpaka nyinyi wenyewe mseme neno.

Bondeni Rufiji alikuwako msuka mikeka mmoja, Bi Siwema, na wajukuu wake watatu wa kike, kila mmoja na mama yake. Mkubwa, Sikujua, alijaliwa jicho. Ukipita mbele yake asubuhi, jioni atakuambia kanga uliyovaa ilikuwa na rangi ngapi na upande gani ulichanika. Wa pili, Tatu, alijaliwa ulimi. Mtu aliyekuja kwao akifoka aliondoka akicheka, na chane ya ndizi mkononi asiyokumbuka aliiomba saa ngapi. Wa mwisho, Mwanahawa, alijaliwa mikono. Maneno yake yalikuwa machache, lakini ukili aliousuka yeye, ule utepe mrefu wa majani ya miyaa ambao hushonwa ukawa mkeka, ulinyooka kama uliopigiwa rula.

Tutakaa karibu na huyu Mwanahawa, kwa kuwa ndiye aliyenyamaza.

Mwanahawa alipokuwa mdogo, nyumba ya bibi yake ilinuka ukindu mbichi na rangi iliyokuwa ikichemka sufuriani. Wanawake sita, saba, walijaa barazani, kila mmoja na ukili wake umejiviringisha miguuni, wakisuka bila kutazama vidole, wakiimba na kusengenya waume zao. Magari ya kwenda kusini yalisimama, abiria wakashuka, wakapapasa mikeka na kuulizia. Mama yake alikaa penye nguzo ya pili. Nyumbani, mama na mtoto walilala juu ya mkeka wenye nakshi iitwayo nyayo za kwale: vialama vya vidole vitatu vitatu, vikitembea kutoka pembe hadi pembe bila kukanyagana. Kukicha, nakshi ile ilikuwa imejichapa shavuni kwa Mwanahawa, na mama yake humpapasa akasema, "Leo kwale amepita hapa."

Kisha barabara ikatiwa lami, na magari yakajifunza kupita mbio. Ikaja mikeka ya plastiki. Mama yake Mwanahawa akafariki, na binti, aliyekuwa kidato cha pili, hakurudi tena shule. Wanawake wa barazani wakapungua mmoja mmoja, wengine wakaenda kulima ufuta, mpaka akabaki Bi Siwema peke yake.

Sasa, nakshi ile ina mwiko wake. Katika ukoo, kila kizazi hufundishwa mtu mmoja tu. Mwanafunzi hukaa ubavuni mwa mwalimu kiangazi kizima, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kutazama mikono yao. Bi Siwema alimfundisha mama yake Mwanahawa, naye akafa. Na vidole vya bibi vilikuwa vimeanza kukakamaa. Alisema mwenyewe kwamba vimebakiza kiangazi kimoja.

Basi siku moja aliwaita wajukuu akawaambia, "Wake wenzangu, nisikilizeni. Atakayewarudisha watu kwenye mikeka ya nyumba hii, huyo ndiye nitakayemfundisha nyayo za kwale."

Sikujua akatoa shauri la kufungua duka mtandaoni. Bibi aliuliza duka lisilo na mlango litaingiwa na nani, na likija kuibiwa wataitana wapi. Walimcheka, naye akacheka, lakini aliwaruhusu.

Wakawa wanapanda kichuguu cha nyuma ya msikiti, maana hapo ndipo mtandao ulipokuwa ukishika. Walijiandikisha, wakaliita duka Mikeka ya Bi Siwema, kisha kila mmoja akashika lake.

Sikujua alipiga picha. Mara ya kwanza alitandika mikeka kwa mwalimu mkuu, kwenye sakafu ya vigae, nayo ikaonekana kama ya plastiki. Akafuta zote. Akatandika upya uani kwa bibi, kwenye udongo uliofagiliwa, jua likiwa bado changa, na pembeni akaacha bakuli la mihogo lililokwisha kuliwa nusu. Watu waliokuwa mbali wakaona picha zile, wakaandika chini yake kuwa wamewakumbuka mama zao.

Tatu aliandika maneno. Alieleza ukindu unakatwa wapi, unaanikwa siku ngapi, na kwa nini mkeka mpya hunyunyiziwa maji. Aliyeuliza bei alijibiwa bei na akaulizwa hali ya watoto. Aliyesema ataangalia kwanza, Tatu alimtakia uangalizi mwema, na kesho yake mtu yule alirudi kununua.

Mwanahawa alisuka, akashona, akafunga. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mkeka uliosafirishwa mkavu huvunjika ndani ya basi. Akawa anaulowesha kidogo, anauviringisha uso ukiwa ndani, kisha anaufunga kwa kipande cha ukili badala ya kamba.

Duka likaanza kusogea, mkeka mmoja kwa wiki, kisha miwili. Halafu likapatwa na balaa.

Mama mmoja wa Dodoma, Bi Rukaya, aliagiza mkeka wa kumkalishia binti yake siku ya hina. Dukani waliandika vipimo kama walivyozoea nyumbani: urefu mikono saba, upana mikono mitano. Mkono, kwao, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mkono wa nyumba ile siku zote ulikuwa mkono wa Bi Siwema. Hakuna aliyewaza kwamba kuna mwingine. Lakini Bi Rukaya alipimia chumba chake mkono wa mumewe, na mumewe alikuwa mtu wa kuinama milangoni. Mkeka ulipofika, urefu haukumsumbua, pengo lake lilifichwa na kabati. Upana ndio uliomtia aibu mbele ya mawifi zake, kwa jinsi sakafu ilivyobaki wazi. Akaandika dukani, mbele ya macho ya watu wote, kwamba ameuziwa kitanda cha mdoli. Kwa siku tatu hakuna aliyeagiza kitu. Wawili waliokuwa wameagiza wakaghairi. Na hina ilibakiza siku kumi na moja.

Tatu alipanda kichuguu akampigia. Alitukanwa kwanza, akasubiri. Kisha akamweleza habari ya mkono wa bibi, ulivyo mfupi, na namna ulivyopima mikeka ya arusi za bonde zima. Bi Rukaya akaanza kucheka pasipo kutaka. Simu ilipokatwa, alikuwa amekubali kuurudisha mkeka kwa basi na kupima chumba upya kwa uzi, na uzi wenyewe kuufungasha humo humo.

Mkeka uliporudi, Sikujua aliutazama. Rangi ya zambarau iliyotumika ilikuwa imekwisha, na ile mpya ya dukani ilikuwa imekolea mno. Alichovya miyaa, akaianika, akaitupa. Mara ya nne aliongeza majivu kidogo kwenye maji, na ilipokauka hakuna aliyeweza kutofautisha ya zamani na mpya, hata bibi.

Mwanahawa alifumua pindo, akasuka kili tano, akaziunga. Alifuata mkazo ule ule aliosukia mara ya kwanza, kwa sababu ukili uliokazwa zaidi huuvuta mkeka ukakunjamana. Bi Siwema alipitisha kiganja juu yake huku amefumba macho, akatafuta maungio, akayakosa.

Mkeka ulifika Dodoma siku mbili kabla ya hina. Bi Rukaya alifuta maneno yake ya kwanza. Mahali pake akaweka picha ya bi harusi amekaa katikati, na shangazi zake wamemzunguka, ukuta kwa ukuta. Ndani ya mwezi ule iliagizwa mikeka thelathini na minne. Wanawake wakaanza kurudi barazani, mmoja, kisha watatu. Nyimbo zikarudi, na waume wakaanza kusengenywa upya.

Kiangazi kilipoingia, Bi Siwema aliwaita wajukuu wake. Mbele yake palikuwa na fungu la miyaa iliyokwisha kupasuliwa.

Sikujua alisema, "Bibi, bila jicho langu nani angejua kama tupo? Nifundishe mimi, niioneshe dunia nzima."

"Uioneshe dunia, halafu mwiko uende wapi?" Tatu akamdakia. "Picha elfu hazikumtuliza yule mama, dada. Alitulizwa na mdomo huu unaousema kila siku kwamba hauchoki."

"Nao mdomo huo unaolewa Kilwa mwakani. Utaondoka na nakshi yetu ukawasukie mawifi."

"Nitaisuka popote nitakapokuwa. Wewe utaiweka kwenye simu."

Bibi akawaacha wakwaruzane kidogo, kisha akamgeukia wa mwisho. "Na wewe, mke mwenzangu?"

Mwanahawa alikuwa na maneno. Angeweza kusema kwamba mkeka haushonwi kwa macho wala kwa ulimi. Angeweza kusema kwamba nakshi ile ilikuwa ya mama yake, na kwamba ndiyo kitu pekee cha mama yake ambacho bado kinaweza kupatikana, na kinapatikana kiangazi hiki tu. Lakini bibi hakuahidi kumpa yatima. Aliahidi kumpa aliyewarudisha watu. Akaona akimtaja mama yake, dada zake watanyamaza kwa huruma, naye atakuwa ameichukua nakshi kwa machozi badala ya kazi.

"Nilisuka, bibi," akasema. "Nawe unajua nilivyosuka."

Bi Siwema aliwatazama wote watatu kwa zamu. Akasogea kidogo kwenye jamvi, ikapatikana nafasi ubavuni pake ya kukaa mtu mmoja. Akaokota miyaa mitatu, akailowesha, akakunja ncha zake. Bado hakutaja jina.

Mimi nimefika hapo, na sina ruhusa ya kuvuka. Yuko aliyewafanya watu waone, yuko aliyewafanya wasamehe, na yuko aliyewapa kitu cha kukalia. Mmoja ataitawanya, mmoja ataihamisha, mmoja ataitunza na kuililia. Miyaa ikishalowa haisubiri sana. Haya, wenzangu mliosikiliza: lau mngekuwa nyinyi Bi Siwema, mngemwita nani akae?