Baruti Isiyo na Moshi

Hadithi!
— Njoo, tunakungoja.
Nije mikono mitupu?
— Njoo na utamu wako.

Basi kaeni sawasawa. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, hadithi yangu haisikiki na mtu mwenye muhogo kinywani. Wasimulizi wapo wengi, lakini leo mmebahatika kunipata mimi.

Hapo kale, kabla babu zenu hawajajua kujisifu, katika nchi ya Ukimbu palikuwa na kijana jina lake Ndekeja. Mwindaji. Mrina asali. Msemaji. Akiua digidigi porini, digidigi huyo akifika kijijini keshakuwa nyati. Akiumwa na nyuki mmoja, jioni nyuki huyo keshakuwa mkubwa kama njiwa. Mnacheka? Mnawajua watu wa namna hiyo. Msinitazame mimi.

Ndekeja alimpenda Kalunde. Kalunde naye alimpenda, ila alikuwa akimwambia, "Ukinyamaza kidogo, nitakupenda zaidi."

Sasa, kwao kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, anayetaka mke hulinda shamba la mama mkwe, tangu karanga zinapotoa maua mpaka zinapong'olewa. Nguruwe wakila shamba, mke hakuna. Mchumba anakunja mkeka wake, anarudi kwao, na wenziwe wanamwimba mwaka mzima.

Ya pili, mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawasemeshani. Mama yake Kalunde, Bi Mwashi, akiwa na neno, hukiambia kinu kilichokuwa uani.

"Kinu, mwambie kijana nguruwe wameonekana bondeni."

Naye Ndekeja, amegeuka pembeni, hujibu, "Kinu, mwambie mama asihofu. Mimi nipo."

Maskini kinu. Kinatwangiwa mtama, kinatwangiwa na maneno.

Ndekeja alilinda shamba kwa gobore la babu yake. Gobore mnalijua? Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, halafu unamwomba Mungu. Hilo la kwake liliitwa Kohozi, maana lilikuwa halilii, linakohoa. Likikohoa, moshi unafunika bonde, na nguruwe wanakwenda kula kwa jirani.

Karanga zikanenepa. Siku za kung'oa zikakaribia. Na hapo ndipo baruti ikaisha.

Nguruwe si wajinga. Kohozi liliponyamaza asubuhi ya kwanza, walisimama mbali. Asubuhi ya pili, wakasogea. Asubuhi ya tatu walikuwa ukingoni mwa shamba, mama na watoto, wanazitazama karanga kama mnavyotazama nyie sahani ya wali ikipita.

Ndekeja akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akapiga debe. Akawaambia nguruwe mambo aliyoyafanya kwa simba. Hawakuamini.

Mchana huo, nyumbani kwa Bi Mwashi, akapita mchuuzi, jina lake Feruzi. Punda mbele, gobore begani, pembe ya baruti kiunoni.

"Kaka, nasikia unatafuta baruti," akasema Feruzi. Akafungua kifuko. "Hii ni mpya. Haina moshi kabisa. Utapiga, na nguruwe hatajua kifo kimetoka wapi. Nipe asali yako yote."

Wazee wa Ukimbu walikuwa wakisema, baruti ngeni usiimimine, iulize kwanza. Iulize kwa kiganja, iulize kwa pua, iulize kwa jiwe. Ndekeja alijua hayo yote. Nani alikwambia mtu huangamia kwa asiyoyajua tu?

Akaiweka kiganjani, akaisugua. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, vipande vyake bapa kama mbegu ndogo za ufuta. Alipoimwaga, kiganja kikabaki safi.

Sauti ikatoka uani. "Kinu, baruti ninayoijua mimi humpaka mtu masizi."

"Kinu," akasema Ndekeja, "mwambie mama hii ni baruti ya watu wasafi."

Akaipeleka puani. Ilinukia tamutamu, kama kijana aliyejipaka mafuta kwenda ngomani.

"Kinu, baruti haijawahi kunukia."

"Kinu, mwambie mama dunia imebadilika."

Akaweka chembe kidogo juu ya jiwe bapa, akaigusa kwa kijinga cha moto. Baruti ya zamani ingesema *puu*, ikatoa wingu na uvundo wa yai viza. Hii haikusema kitu. Iliwaka taratibu, mwali wa manjano, mpole, mpaka ikaisha. Moshi hakuna.

Ndekeja akacheka. "Kaka Feruzi, baruti yako ni mvivu. Lakini mimi wavivu nawaweza. Nitaijaza kipimo mara mbili."

"Jaza hata mara tatu," akasema Feruzi. Huku anamfungua punda, anamsogeza nyuma ya ghala.

Ndekeja akasimamisha Kohozi. Akachota baruti. Mkono ukawa juu ya mdomo wa mtutu.

"Kinu," sauti ikasema polepole, "simba mwenda pole ndiye mla nyama."

Mkono ukasimama.

Akatazama jiwe. Moto ule juu ya jiwe ulikuwa na njia kila upande, ndiyo maana haukuwa na haraka. Ndani ya mtutu ungekuwa na njia moja. Ukikosa subira utapasua chuma kizee cha babu, na nyuma ya chuma hicho kuna uso mmoja, ambao Kalunde alikuwa ameuzoea. Akatazama alipokuwa punda. Punda hayupo.

Lakini mjivuni hasemi "nimekosea". Akarudisha baruti kifukoni, akatabasamu.

"Kaka Feruzi, kwetu mgeni ndiye hupiga wa kwanza. Jaza gobore lako."

"Langu lina kutu."

"Basi chukua Kohozi."

"Bega linaniuma, kaka."

"Basi shika tu, nitalipua mimi kwa kamba, nikiwa kule kwa punda wako."

Macho ya Feruzi yakaenda kwenye pembe ya kiunoni, yakarudi. Ndekeja akayafuata.

"Na hiyo ya kwenye pembe inanukaje?"

Mchuuzi akaketi chini. "Hii ya kifukoni imetoka ndani ya risasi za bunduki mpya, zile za chuma kinene. Nilidhani labda..."

"Ulidhani labda uso wangu ni wa chuma kinene."

"Nisamehe, kaka."

"Kaka yako umekaribia kumzika. Lete pembe."

Akaiuliza ya kwenye pembe. Kiganja kikawa na masizi. Pua ikakunjamana. Juu ya jiwe ikasema *puu*, na mbuzi wa jirani akakata kamba. Feruzi akapewa kibuyu kimoja cha asali, kile kidogo, na ile baruti ya kifukoni ikafukiwa kwenye tope la bonde, mwenyewe akichimba.

"Kinu," akasema Ndekeja kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "mwambie mama mimi nilijua tangu mwanzo."

"Kinu," akajibu Bi Mwashi, "usiseme uongo mbele ya mkwe wangu."

Asubuhi nguruwe wakaja, wakaingia mstari wa kwanza wa karanga, mama yao akainamisha pua. Ndekeja akajaza kipimo kile kile cha babu, si zaidi. Kohozi likakohoa. Bonde likajaa moshi na uvundo, na ndani ya moshi zikasikika kwato zinakwenda, zinakwenda, mpaka kwa jirani.

Kalunde akatoka katika moshi, anapepea kwa kanga, machozi yanamtoka kwa kucheka. Mchumba wake alikuwa mweusi tangu paji hadi kidevu, meno tu ndiyo meupe.

"Unanuka yai viza."

"Tafuta basi asiyenuka."

"Nitamtafuta lini? Karanga tunang'oa leo, na kuanzia kesho bibi harusi hatoki nje."

Ndekeja akafungua mdomo ajibu. Akakosa neno. Watu wa Ukimbu wanasema ilikuwa mara yake ya kwanza, na Kalunde akampenda zaidi papo hapo.

Hadithi yangu imefika mlangoni, inavaa viatu. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, kaosheni masikio, maana mdomo wangu mimi hauna kosa.