Fisi Aliyeomba Kushushwa Daraja

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa mchovu na mwamba wake, pakawa mlafi na mfupa wake!

Haya, mbona mnaitikia kama watu waliopakua magunia kutwa? Basi kaeni vizuri, egemeeni ukuta. Hadithi hii ni ya waliochoka, nami nitaisimulia taratibu, maana aliyechoka hakimbizwi.

Hapo zamani, wanyama walikuwa na mchezo wao wa rungu na mpira. Mtupaji anasimama katikati ya uwanja, anazungusha mkono, anautupa mpira kwa kupitia chini, kando ya nyonga, vuuu! Ukipitia juu ya bega, ni kosa. Mpigaji anasubiri na rungu lake. Akiupiga, ta! anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi pale pale alipoanzia. Pale panaitwa nyumbani, na kufika nyumbani ndiyo bao. Akiukosa mara tatu, anatoka. Wakitoka watatu, zamu inageuka. Na mtupaji akitupa ovyo mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza, na aliyekuwa pale anasukumwa mbele. Mpira wenyewe waliuita mpira laini. Muulizeni Nungunungu, aliyepigwa nao puani, atawaambia ulaini wake.

Wakati wa kiangazi mchezo huu ndio uliogawa maji. Majike walikuwa na michuano yao. Walicheza, wakagawana maji, wakaenda zao bila kelele. Matata yalikuwa kwa madume. Timu zao zilipangwa kwa madaraja, kila moja icheze na saizi yake. Daraja la kwanza walikuwa akina Simba, na bingwa wao alipewa mto. Daraja la pili walikuwa akina Fisi na Ngiri, na bingwa wao alipewa bwawa. Daraja la tatu, la mwisho kabisa, walikuwa wadogo wasio na meno ya kutisha mtu. Bingwa wao alipewa kisima cha mwambani, kidogo, chembamba, maji yake ya kuramba zaidi kuliko kunywa.

Nahodha wa mojawapo ya timu za mwisho alikuwa Pimbi. Sungura msiniulize. Sungura ana hadithi zake nyingi, na siku hizo hakuwepo.

Pimbi alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka na jua, amechoka na vumbi, amechoka na kuwa nahodha. Watoto wake walikuwa wakiamka alfajiri kulamba umande juu ya mawe, na umande nao ulikuwa unapungua. Asipopata kisima mwaka ule, hakuwa na pengine pa kuwapeleka. Alilijua hilo, na kulijua kulimchosha kuliko mchezo wenyewe.

Sasa, mwaka ule Fisi alifanya jambo. Alikuwa amefungwa na Ngiri miaka mitatu mfululizo huko daraja la pili, akaona bora ashuke akawaonee wadogo. Akaenda kwa Korongo, mwamuzi mkuu na mpangaji wa madaraja. Alikwenda anachechemea.

"Shikamoo, Mzee Korongo."

"Marahaba. Una nini mguuni?"

"Mguu tu, mzee? Nitazame mgongo. Mbele juu, nyuma chini. Ndivyo nilivyozaliwa, na ndugu zangu wote hivyo hivyo. Sisi ni wagonjwa, mzee. Tushushe daraja."

Korongo akamtazama kwa jicho la kulia. Akamtazama kwa jicho la kushoto. Kanuni ilisema timu ipimwe kwa mwendo wake, naye aliona mwendo wa kuchechemea. Akamshusha.

Pimbi aliposikia alikwenda kulalamika. "Mzee, Fisi wote hutembea hivyo! Ndivyo walivyo!"

"Kanuni ni macho," akasema Korongo, "na macho yangu yameona mlemavu. Ila ipo kanuni nyingine. Timu ikimpita mwenzake kwa zaidi ya mabao kumi, hiyo si ya daraja lile. Mchezo unakatwa na timu inapandishwa palepale. Fisi akifanya hivyo, nitampandisha."

Lakini Fisi hakuwa mjinga. Alicheza na Kicheche, akamfunga kwa bao moja tu. Akacheza na Digidigi, akamfunga kwa bao moja tu. Akacheza na Kanu, akamfunga kwa bao moja tu. Kila mchezo ukiisha alilala chini akihema, "Jamani, leo nusura!" Korongo akatikisa kichwa kwa huruma. Na ikabaki fainali: Fisi na Pimbi.

Siku moja kabla ya fainali, Kindi alimkuta Pimbi amelala chali juu ya mwamba.

"Nahodha, inuka tufanye mazoezi!"

"Ya nini?"

"Tumshinde Fisi!"

Pimbi akacheka kicheko kisicho na nguvu. "Kindi, ndugu yangu, tazama mkono wangu. Tazama mkono wa Fisi. Mimi nimechoka hata kuwaza kushinda."

"Sasa watoto watakunywa nini?"

Pimbi akageuka kifudifudi. Neno hilo lilimchoma. Aliangalia chini ya mwamba, mahali ambapo Chui hutupia mabaki yake. Palikuwa na lundo la mifupa, mikubwa, mizito, uboho umejaa ndani. Mwisho akasema, "Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Basi tumpishe. Tumpishe kweli kweli."

"Unasema nini wewe?"

"Njoo tubebe mifupa."

Hapa lazima niwaeleze desturi yao. Timu mwenyeji ilikuwa inaweka chakula pale nyumbani, na kila mchezaji aliyezunguka vituo vyote akafika, alikaribishwa ang'ate mara moja. Wadogo walikuwa wakiweka majani na mizizi. Fisi alikuwa akifika, ananusa, anakunja pua, anaondoka. Ndiyo maana aliweza kufunga bao moja akaridhika.

Na jambo la pili mlijue. Kwa Fisi, majike ndio wenye nyumba. Wanakula mama, wanakula dada, wanakula watoto, halafu dume anaitwa aje alambe damu iliyokauka kwenye mawe. Timu nzima ya Fisi ilikuwa ya madume. Mfupa wenye uboho waliusikia kwa mlio tu, wengine wakiutafuna.

Fainali ikafika. Wadogo wote walijaa kandokando ya uwanja na ndimi zimewakauka. Pimbi na wenzake waliweka mifupa nyumbani, lundo zima, na jua likaipasha mpaka harufu ikatanda uwanjani.

Pua ya Fisi ikacheza. "Kaka Pimbi, leo mmepika nini?"

"Karibu, shemeji. Mgeni wa fainali hapewi majani."

Timu ya Pimbi ilianza kupiga. Kindi akasimama na rungu, vuuu, vuuu, vuuu, akatoka. Nungunungu akasimama, vuuu, vuuu, vuuu, akatoka. Pimbi akasimama, hakuinua hata rungu, akatoka. Watazamaji wakaguna. Zamu ikageuka.

Pimbi akashika mpira. Fisi nahodha akasimama na rungu. Pimbi akatupa, vuuu! Mpira ukaenda kichakani. Korongo akasema, "Mbaya." Akatupa, vuuu! Ukaenda mtini. "Mbaya." Akatupa, vuuu! Ukamkosa Korongo mwenyewe kidogo tu. "Mbaya sana." Akatupa, pu! Ukaanguka miguuni pake. "Mbaya. Fisi, tembea."

Fisi akatembea kituo cha kwanza, anachechemea. Akaja Fisi wa pili. Mbaya, mbaya, mbaya, mbaya, tembea. Akaja wa tatu. Mbaya, mbaya, mbaya, mbaya, tembea. Vituo vikajaa. Akaja wa nne, naye akatembea, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, Fisi nahodha akasukumwa mpaka nyumbani.

"Karibu nyumbani, shemeji," akasema Nungunungu aliyekuwa akidaka.

Fisi akang'ata. Kacha! Uboho ukamtiririka kidevuni. Akafumba macho. Maskini, machozi yalimtoka, maana ndiyo mara yake ya kwanza kula cha kwanza.

Akaja Fisi mwingine, akatembea. Mwenzake akasukumwa nyumbani. Kacha! Akaja mwingine, akatembea. Mwenzake akasukumwa nyumbani. Kacha! Pimbi aliendelea kutupa. Bega lilimuuma, na kandoni aliwasikia wadogo wenziwe wakimzomea. "Msaliti! Amehongwa!" Ilimuuma sana. Alitamani aketi chini alie, lakini hata kulia kunataka nguvu. Akatupa. Mbaya.

Mabao yalipokaribia kumi, Fisi nahodha akashtuka. Akawageukia wenzake. "Inatosha! Sasa kila atakayesimama aukose mpira makusudi, atoke! Tukizidisha tunapandishwa!"

"Aukose nani?" akauliza mdogo wake. "Wewe umekula."

"Ni amri ya nahodha!"

"Nyumbani mama anatwambia ngojeni. Na huku nako tungoje?"

Zamu ya nahodha mwenyewe ikafika tena. Akasema moyoni, nitawaonyesha mfano. Pimbi akatupa mpira mbovu. Fisi akaufuata na rungu hewani, vuuu! Amekosa mmoja. Pimbi akatupa mwingine mbovu. Fisi akaufuata, vuuu! Amekosa wa pili. Bado mmoja tu atoke. Upepo ukavuma kutoka nyumbani, ilipolala mifupa. Pimbi akatupa. Rungu likatetemeka, likatulia begani. "Mbaya." Akatupa. "Mbaya." Akatupa. "Mbaya." Akatupa. "Mbaya. Tembea."

Akatembea. Wenzake wakaja nyuma yake, wakamsukuma kituo cha pili, wakamsukuma cha tatu, na kila aliyekuwa mbele yake alifika nyumbani. Kacha! Kacha! Yakatimia mabao kumi. Aliyeshika rungu sasa alikuwa mdogo wake.

"Kosa!" Fisi akapiga kelele kutoka kituo cha tatu. "Kosa utoke! Kosa, nasema!"

Mdogo wake akamtazama. "Kaka, nikipewa njia mimi, anayesukumwa nyumbani ni nani?"

Fisi akahesabu. Kituo cha kwanza yupo mmoja, cha pili yupo mmoja, cha tatu... ni yeye. Anayefuata kula ni yeye. Akafungua mdomo aseme kosa. Mate yakamtoka, neno halikutoka. Akaufunga.

Mbaya, mbaya, mbaya, mbaya. "Tembea."

Lakini Fisi hakutembea. Alikimbia! Alikimbia kwa miguu yote minne, puruputu, puruputu, vumbi likatimka, akaruka juu ya Nungunungu na miiba yake, akatua kwenye lundo. Kacha!

Korongo akapuliza filimbi. Prrrr!

"Mchezo umekatwa," akasema. "Mabao kumi na moja kwa bila. Fisi, hii si timu ya daraja la tatu."

"Mzee, mimi nachechemea!" akalia Fisi, mfupa mdomoni.

"Nimekuona ukija nyumbani, mwanangu. Hukuchechemea."

"Basi nirudishe daraja la pili."

"Daraja la pili wamekwisha maliza na bwawa limegawiwa. Nafasi iko moja tu, daraja la kwanza. Nyani wamejitoa, wanasema wanauguliwa." Korongo akakohoa. "Unacheza na Simba kesho asubuhi. Timu mwenyeji ni wewe, kwa hiyo chakula utaweka wewe."

Fisi akaacha kutafuna.

Kisima wakapewa timu ya Pimbi, kwa sababu katika fainali walibaki wao peke yao. Na kwa kuwa hawakumshinda mtu, hapakuwa na sababu ya kuwapandisha. Waliomzomea wakaja kumshika mkono. Kindi akataka wambebe juu kwa juu.

"Niacheni," akasema Pimbi. "Kaleteni watoto wangu kwanza." Watoto wakaletwa, wakanywa mpaka matumbo yakawa magumu. Kisha akawaita wadogo wote wapite mmoja mmoja, yeye akanywa wa mwisho, akajinyoosha juu ya mwamba akijua kwamba mwakani atakuja mwingine mkubwa, anachechemea, na itabidi aanze upya. Akalala.

Habari za mechi ya Fisi na Simba sizijui vizuri. Walioiona wanasema Fisi alikimbia sana, tena bila rungu, tena hakurudi nyumbani.

Sasa sikilizeni fundisho, maana hadithi bila fundisho wazazi wenu watanidai. Fundisho ni hili: fanyeni bidii. Fisi alifanya bidii, akapandishwa madaraja mawili kwa siku moja. Pimbi hakufanya bidii, na mpaka leo yuko daraja la mwisho, amelala juani, tumbo limejaa maji. Nani kati yenu anataka kuwa kama Pimbi?

Shusheni mikono. Shusheni, nasema.

Hadithi yangu imefika nyumbani na imeng'ata mara moja. Mwenye nguvu aibebe akawasimulie wengine, mimi nimechoka.