Limbuko la Kila Siku

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimepwaya, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, hapo sawa. Sogezeni kuni, na anayetafuna atafune polepole, maana ngano ya leo ina maiti ndani yake na sitaki kuchekacheka.

Hapo zamani za kale, katika nchi kavu ya wanyama, mafuta meusi yalilala chini ya mwamba. Wenyeji hawakuyajua. Walioyajua ni Korongo wa ng'ambo, wenye midomo mirefu. Walikuja, wakatoboa, wakafyonza, wakaruka zao. Wakaja tena, wakatoboa, wakafyonza, wakaruka zao. Wenyeji walipouliza, Korongo walicheka: "Ninyi mna midomo ya kutobolea mwamba?"

Mtemi Mbogo, mtawala wa nchi ile, akachoka kudharauliwa. Akaita baraza.

"Tutachimba wenyewe," akasema. "Tutaunda shirika letu. Si la Mbogo, si la Tembo, si la Swala. La nchi nzima! Mafuta yakitoka tutawauzia majirani, na kila ukoo utapata kisima cha maji."

Kila ukoo ukaleta konzi ya udongo, ukaimwaga mahali pa kuchimba, wakaapa wote: "Ardhi yetu, shimo letu, mafuta yetu."

Kazi ya kuchimba wakapewa Muhanga wawili, mtu na mkewe. Muhanga mnamjua? Yule mwenye masikio marefu na kucha kama majembe. Mume aliitwa Kasanda, mke Nyamizi. Hao walikuwa wamefanya kibarua kwa Korongo miaka mingi, wakibeba mizigo, wakisafisha, wakitukanwa, na kumbe huku macho wameyakodoa wanajifunza kazi.

Shimo la kwanza likatoa vumbi. Wanyama wakaguna. La pili likatoa vumbi. Wanyama wakacheka, wengine wakasema heri Korongo warudi. La tatu, Kasanda akashuka kwa kamba, mkewe kaishika huku juu.

"Nyamizi!" akaita kutoka chini. "Yananukia!"

Ilikuwa sauti ya furaha, jamani. Halafu kimya. Ile hewa mbaya inayotangulia mafuta ilikuwa imemkaba. Nyamizi akavuta, akavuta, akavuta. Alipomfikisha juu, Kasanda hakuwa na pumzi tena. Na nyuma yake mafuta yakapanda, yakabubujika, yakatapakaa. Wanyama wengine wakashangilia, wengine wakalia, na wengine wakasimama tu hawajui washike lipi.

Matanga yalipoanuliwa, Nyamizi akafanywa mkuu wa shirika. Alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kifo cha mumewe kiwe kimeifaa nchi. Hakuwa na jingine la kujiliwaza.

Sasa tegeni masikio, hapa ndipo mambo yalipoharibika. Nchi ile ilikuwa na desturi ya limbuko. Mazao ya kwanza ya msimu hayaliwi mpaka Mtemi aonje. Akishaonja, ngoma inapigwa, na wote wanakula. Basi Mtemi akaja mwenyewe shimoni, akachukua mtungi wa kwanza wa mafuta, ngoma ikapigwa. Hapo hakuna lawama.

Kesho yake akaja Mbweha, tarishi wa Mtemi.

"Hodi, mama mkuu. Nimefuata limbuko."

"Limbuko si lilikwenda jana?"

"Lile la jana. Mafuta ya leo yametoka leo. Au unataka kumvunjia Mtemi heshima?"

Nyamizi akasita. Alilelewa akiambiwa kwamba anayezuia limbuko huiletea nchi mkosi, na mkosi yeye alikuwa ameshaujua ulivyo. Akatoa. Kesho yake Mbweha huyo: "Nimefuata limbuko." Akatoa. Kesho yake tena: "Nimefuata limbuko." Akatoa. Mahindi yana msimu wake, lakini mafuta yanatoka kila uchao, basi kila uchao pakawa na limbuko. Ngoma ilipigwa mpaka ngozi ikalegea, na hakuna aliyekula. Mitungi ilijaa ghalani kwa Mtemi, na wakwe wa Mbweha, wajomba wa Mbweha, mashoga wa mke wa Mbweha wakanawiri mpaka shingo zikapotea. Visima vya maji havikuchimbwa. Korongo walitua juu ya miti, wakatazama, wakachekelea.

Ndipo siku moja akaja mke wa Ngiri. Ngiri ndiye aliyeshika nafasi ya Kasanda shimoni. Mama huyu hakubisha hodi wala hakukaa. Alikuwa ameshika kamba.

"Dada Nyamizi, hebu itazame."

Kamba ilikuwa imechakaa, nyuzi zimechomoka huku na huku.

"Nimeshaomba mpya," Nyamizi akasema. "Shirika halina kitu, mwenzangu."

"Shirika halina kitu, na mafuta yanatoka kila siku? Wewe wako umeshamzika. Wangu anashuka kesho kwa hii. Niambie, nimpikie au nisimpikie?"

Nyamizi aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Akaichukua kamba mikononi mwa yule mama, akashika njia ya barazani.

Mtemi alikuwa ameketi na wazee wake, Mbweha kando yake. Nyamizi akapiga goti, akapiga makofi ya heshima, akasema, "Mtemi, naomba kuuliza. Limbuko la mahindi huliwa wapi?"

"Shambani," akajibu Mbogo. "Mtemi huenda mwenyewe, huvunja hindi la kwanza, na aliyelima husimama kando yake."

"Hatumi mtu?"

"Limbuko halitumiwi mtu."

Wazee wakatazamana. Mbweha akaanza kujikuna.

"Basi mimi nimekosa," Nyamizi akasema, "maana nimempa tarishi kitu ambacho mwenyewe hukifuata. Niadhibiwe. Lakini shamba letu liko chini, Mtemi. Ukilitaka limbuko la kesho, ushuke. Kamba ndiyo hii."

Akaiweka miguuni pa Mtemi.

"Ana wazimu huyu!" Mbweha akafoka. "Mtemi ashuke shimoni?"

Mbogo akamtupia jicho. Kisha akainama, akaiokota kamba, akaivuta kidogo tu. Ikakatika. Akabaki nayo vile, kipande huku, kipande huku.

"Mumeo alishuka kwa hii?"

"Yake ilikuwa mpya, Mtemi. Alikufa hata hivyo."

Mbogo akainamisha pembe zake mpaka zikakaribia ardhi.

"Nilijua mitungi ni mingi," akasema. "Sikuuliza, kwa sababu kutouliza kulinifaa."

Siku ileile akaamuru ghala lifunguliwe. Mitungi ikarudi kwa shirika, Mbweha akavuliwa utarishi, na ikatangazwa kila ukoo: limbuko limeshaliwa, sasa ni zamu ya nchi kula. Wakaanza kwa kununua kamba. Visima vya maji vikafuata, kimoja kimoja, na Korongo walipotua tena walikuta shimo lina wenyewe, wakabisha hodi kama wageni wengine.

Lakini mimi nataka niwaoneshe siku Ngiri aliposhuka kwa kamba mpya. Nyamizi hakumwachia mtu, aliishika mwenyewe. Alingoja mpaka viganja vikalowa jasho. Kamba ikatikisika, akamvuta. Ngiri akatokeza, mweusi tii, meno tu ndiyo yanaonekana.

"Njaa inaniuma," akasema. "Mmepika?"

Mkewe akacheka. Nyamizi naye akacheka, kisha akaketi palepale kwenye udongo, akalia kilio ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka. Mke wa Ngiri akakaa naye chini, wala hakumwambia anyamaze.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye machozi afute, mwenye usingizi akalale.