Marehemu Mkaanga Mihogo

Bi Siwatu alikwenda kuzika. Aliporudi alikuta baraza la soko limeamua kuwa aliyekufa ni yeye, na kibanda chake cha mihogo kapewa shemeji wa mwenyekiti.

"Mheshimiwa, si mimi huyu, mzima?" alimwuliza mwenyekiti.

"Baraza likishaamua limeamua. Hatuna uwezo wa kupitia upya uamuzi wetu."

"Hata mkikosea?"

"Hata tukikosea!"

"Basi niandikie hivyo, upige na muhuri."

Mwenyekiti akaandika, akaupiga, huku akicheka.

Kesho yake Siwatu aliinjika karai mlangoni pa baraza. Moshi ukajaa ndani. Mwenyekiti akatoka mbio, anakohoa.

"Siwatu! Leo nakushitaki!"

Siwatu akamwonyesha ile karatasi. "Utamshitaki marehemu?"

Mwenyekiti akafikicha macho. "Basi, tuupitie upya ule uamuzi."

"Uwezo huo hamna, mheshimiwa," alisema Siwatu, akigeuza muhogo. "Nikutilie pilipili?"